Siku Wanaume Wanapopika

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata kama magoti yananiuma namna gani, najikuta nikimshukuru Mungu kwa sauti, na wanaopita uani wanadhani bibi ameanza kuongea peke yake. Leo nataka nikuingize katika siku hiyo. Vuta kiti. Mke wako naye aje, maana jambo lenyewe linamhusu kuliko anavyofikiri.

Jumapili mlipokuja kunisalimu niliwasikia. Miguu imechoka, lakini masikio bado ni mazima. Ulikuwa unamsomea kwenye simu mambo ya trente juin, tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Ukamwambia kwamba siku hiyo kuna watu duniani wanaadhimisha mawe yanayoanguka kutoka angani, na wengine wanaadhimisha hiyo mitandao yenu, na sisi Wakongomani tunaadhimisha uhuru. Mkacheka, na mimi nikacheka chini chini, maana mawe ya angani kuwa na sikukuu yao ni jambo la kuchekesha kweli. Kisha mke wako akakuuliza: "Na kwenu nasikia ni siku ya wanaume kupika?" Nikakuona ukiinamisha kichwa. Ukamjibu, "Ni mambo ya wazee tu. Yataisha nao."

Sikukasirika, mwanangu. Mtu hawezi kukiheshimu kitu ambacho hajaambiwa kilitoka wapi. Baba yako Byamungu hakukusimulia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kunyonya, hana analokumbuka. Mimi shangazi yako nilikuwepo toka mwanzo, basi nisikilize.

Mwaka ule wa uhuru nilikuwa msichana wa shule, bado natumwa maji ziwani. Tulikaa hapa hapa Uvira, karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga. Baba yangu alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache, mikono yake imekakamaa kwa kuvuta nyavu za ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama alizianika ndagala hizo na kuzipeleka soko la Luvungi. Kaka yangu mkubwa, Kashindi, ndiye aliyekuwa amesoma kidogo. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, akivaa shati jeupe na soksi ndefu. Karani au si karani, mdomo wake haukuwa na breki. Kashindi akiingia nyumba ya msiba, watu wanaziba midomo kwa kanga wasionekane wanacheka.

Siku yenyewe, trente juin, mji wote ulikuwa barabarani tangu asubuhi. Tuliona bendera ya Wabelgiji ikishuka mbele ya ofisi na ile ya buluu yenye nyota ikipanda. Wazee wengine walilia. Watoto tulikimbia huku na huku bila kujua tunakimbilia nini. Kisha jua likawa kali, njaa ikaingia, na kila mtu akarudi kwake. Mama akavua kitambaa chake kizuri, akajifunga kile cha zamani, akainama kuwasha moto kama siku nyingine zote.

Kashindi akasimama mlangoni mwa jiko akamtazama. Akasema, "Mama, ondoka hapo."

"Niondoke niende wapi?"

"Ukae kwenye mkeka. Bazungu banatoka mu bureau leo, basi na weye utoke mu jiko. Leo bamama banakaa, sisi banaume tunapika. Kama uhuru hauingii mpaka humu, minye siutambui."

Mama alifikiri ni mzaha. Lakini Kashindi alikwisha kunja mikono ya shati lake jeupe na kushika mwiko. Akamwita baba aje kupuliza moto. Mwanangu, ungemwona baba yangu! Mwanaume ambaye hata maji ya kunywa alikuwa analetewa pale alipoketi. Alisimama muda mrefu akitazama kama kuna jirani anayeona, na majirani wote walikuwa wanaona. Mwishowe akapiga magoti, akapuliza, majivu yakamrukia machoni, na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mama alicheka mpaka akalala chali kwenye mkeka.

Bugali ulitoka na mabonge kama mawe ya mtoni. Ndagala ziliungua upande mmoja. Wanawake wa jirani walikuja kuona muujiza, nao wakakaa kwenye mkeka, wakawa wanaagiza kama wakubwa wa serikali: lete maji, lete chumvi, ongeza pilipili. Waume zao wakaona aibu kubaki wamesimama, wakaingia jikoni mmoja mmoja. Mpaka jioni uwanja wetu ulikuwa umejaa wanaume wenye masizi usoni.

Basi ikawa hivyo. Mwaka uliofuata mama hakungoja kuambiwa. Alitandika tu mkeka wake asubuhi na kukaa. Baba akaenda jikoni bila kuitwa. Na nikuambie siri: baba alikuja kuwa mpishi mzuri kuliko Kashindi. Alikuwa akijifanya anachukia, lakini siku kadhaa kabla ya trente juin tulimwona akichagua samaki wakubwa, mikebuka, akiwaweka kando na kutuambia tusiwaguse. Mtaa mzima uliijua sikukuu yetu. Serikali ilikuwa na gwaride lake asubuhi, na sisi tulikuwa na letu mchana, jikoni.

Kisha ukaja mwaka wa uasi.

Mambo ya siasa za wakati ule sitayaeleza sana. Hata walioyafanya hawakuyaelewa yote. Ninachojua mimi ni kwamba waasi waliposogea Uvira, habari iliyotangulia ilikuwa hii: makarani wanatafutwa. Aliyefanya kazi ofisini, aliyevaa soksi ndefu, anahesabiwa kuwa adui. Kashindi alipanda mtumbwi wa rafiki ya baba, wakavuka kwenda ng'ambo, Burundi. Hakupata hata nafasi ya kumuaga mama vizuri. Baba akatuambia sisi tupande milimani. Yeye angebaki kulinda nyumba na nyavu.

"Nyavu zitakuzaa tena?" mama akamwuliza kwa hasira.

"Nyavu ndizo zitawalisha mkirudi," akajibu. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Mama alikuwa amejifungua si zamani. Mtoto, ndiye baba yako, alikuwa bado hajashika shingo. Tukaondoka sisi watatu pamoja na watu wengine, tukipita bondeni, Luberizi, katikati ya mashamba, tukiacha barabara kubwa kwa sababu ya magari ya askari. Mama alikuwa na mahali anapopafikiria. Pale soko la Luvungi alikuwa na mteja wake wa siku nyingi, mwanamke wa Lemera aliyeshuka na maharage na kupanda na ndagala. Walikuwa marafiki wa kupimiana kwa kujaza. Mwanamke huyo alimwambia mama mara nyingi: siku mambo yakiharibika huko chini, panda kwetu, uliza nyumba ya Lushombo.

Tulipanda vile vijia vya mlima tukiuliza nyumba ya Lushombo. Tulipofika, aliyetoka mlangoni alikuwa mzee mrefu, mkavu, uso wake kama umechongwa kwa shoka. Mama akajieleza. Mzee akasema, "Mke wangu tulimzika wakati wa kupanda."

Mama akashusha mzigo wake chini. Hakuwa na nguvu ya kuubeba tena, wala hakujua pa kwenda. Alianza kuomba msamaha kwa usumbufu, na mzee akamkata maneno. "Aliwahi kuniambia mtakuja. Ingieni."

Huyo ndiye alikuwa Mzee Lushombo. Alitupa chumba kimoja na mkeka, na kwa siku nyingi hakutuambia zaidi ya habari za asubuhi na habari za jioni. Mkamwana wake, aliyekaa ng'ambo ya kijito, ndiye aliyemletea chakula, akaanza kuongeza na chetu. Jiko la marehemu mke wake lilikuwa kibanda kando ya nyumba, limefungwa kwa kamba mlangoni. Hakuna aliyeligusa. Mimi nilimwogopa yule mzee, nakuambia kweli. Nilidhani anatuhesabu kama mzigo alioachiwa.

Tukiwa hapo ndipo jirani yetu wa Uvira alipopanda, akatukuta. Alikaa, akanywa maji, akashindwa kuanza. Mama akamwambia, "Sema." Akasema baba amekufa. Risasi zilipigwa kando ya ziwa, na hakuna aliyejua za upande gani. Majirani walimzika uani, karibu na ukuta.

Mama hakulia. Mwanangu, kama angelia ingekuwa afadhali. Aligeuka akatazama ukuta, na tangu hapo akakataa kula. Nilimwekea bugali, akausogeza. Nilimwekea viazi, akageuza uso. Alimpa mtoto ziwa kama mtu anayefanya kazi ya mwingine, na baada ya siku chache hapakuwa na kitu cha kunyonya. Baba yako alilia mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya mbuzi mdogo, kisha akaacha hata kulia. Mkamwana wa mzee alileta maziwa ya ng'ombe, tukayachanganya na maji, mtoto akatapika. Nilimbeba nikizunguka naye nje, nikihisi anavyozidi kuwa mwepesi mikononi mwangu, na sikumwambia mama, kwa sababu nilijua anajua.

Asubuhi moja nilikuwa naye pale nje. Mzee Lushombo alikuwa anachonga mpini wa jembe. Sijui kwa nini nilimsemesha. Labda kwa sababu hakuna mwingine. Nilimwambia, "Leo ni trente juin."

"Ni siku ya nini?"

"Ya uhuru. Lakini kwetu ilikuwa siku ya wanaume kupika." Nikamwelezea. Nilimwelezea kaka na soksi zake, baba na majivu machoni, mama kwenye mkeka. Nilipofika kwenye mikebuka aliokuwa anawaficha baba, nikashindwa kuendelea. Nikasema, "Basi, mzee, hiyo siku haiko tena. Ilikuwa ya wanaume wetu, na wanaume hawako."

Akaendelea kuchonga. Kisha akaweka panga chini.

"Nani alikuambia kwamba siku inakufa na mwenyewe?" akaniuliza, kwa ukali hasa, kama ananigombeza. "Mimi nilimzika mke wangu, na mvua ilinyesha kesho yake kama kawaida. Nilichukia. Nililiacha shamba lake, nikalifunga jiko lake. Umeona imenisaidia nini? Weye bado mtoto. Usijifunze ujinga wangu."

Akasimama, akaenda kwenye kibanda cha jiko, akafungua kamba.

Sikuamini macho yangu. Wanaume wa kule, wakati ule, wa umri ule, hawaingii jikoni, mwanangu. Si suala la uvivu. Ilikuwa ni aibu. Mkamwana wake alikuwa anakuja na chungu kichwani, akamwona baba mkwe amechuchumaa penye mafiga anapuliza moto, akageuka akakimbia na chungu chake akidhani mzee ameingiwa na pepo. Baadaye akarudi na wanawake wenzake, wakasimama mbali, mikono midomoni.

Mzee hakujali. Alinituma maji. Aliniuliza maharage yanawekwa kabla ya maji kuchemka au baada, na nilipotaka kumsaidia akanifukuza: "Wewe ni mwanamke, kaa." Akaniambia nimtoe mama nje, nimtandikie mkeka uani. Nilimwambia mama hatakubali. Akasema, "Mwambie mwenye nyumba anamwita." Mama alikuwa mtu wa heshima, hawezi kukataa wito wa mwenye nyumba. Akatoka, macho yamezama, akakaa. Akamwona mzee jikoni. Nilimwona anatazama, na zilikuwa siku nyingi hajatazama kitu chochote isipokuwa ukuta.

Sasa ujue, wakati ule chumvi ilikuwa imepotea. Barabara zimefungwa, maduka yamefungwa, watu wanakula chakula chapwa. Marehemu mke wa mzee alikuwa ameacha chumvi kidogo, imefungwa ndani ya jani la mgomba na kuchomekwa darini mwa jiko. Mzee aliiona. Akaifungua, akaitazama kidogo, akaimimina yote ndani ya chungu. Yote! Wanawake waliosimama mbali wakapiga kelele kana kwamba ameangusha mtoto.

Alipakua mwenyewe, akaleta sahani mpaka kwenye mkeka, akaiweka mbele ya mama kwa mikono miwili.

"Mama Kashindi," akamwambia, "mume wako hakuweza kufika leo. Mimi namshikia zamu."

Mama aliitazama ile sahani. Akachukua kidogo, akatia mdomoni. Uso wake ukajikunja wote, macho yakamtoka, na yakaja maneno yake ya kwanza tangu ile habari ya msiba: "Mzee! Unataka kutuua?"

Mzee akaonja. Akatema. Akasema, "Kumbe!"

Basi mama akacheka. Alianza kidogo, kifuani, kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kile kicheko kilio kikatoka, kile kilio kilichokuwa kimefungiwa ndani, akamlilia baba kwa jina lake mbele ya watu wote. Wale wanawake wa Lemera wakaacha kusimama mbali. Walikuja wakakaa naye chini, wakamshika, wakalia naye mtu ambaye hawakumjua. Alipotulia, akavuta sahani, akala. Akala maharage yale machungu kwa chumvi, akanywa maji, akala tena. Mzee alisimama pembeni na mwiko mkononi, masizi kwenye paji la uso, hasogei, mpaka sahani ilipokwisha.

Maziwa hayakurudi siku hiyo. Lakini mama hakukataa chakula tena. Wale wanawake walimletea uji wa mtama, wakamkanda mgongo, na kidogo kidogo ziwa likaamka. Asubuhi moja nilisikia mtoto anameza. Unajua ile sauti ya mtoto anayemeza maziwa ya kutosha? Nilikaa mlangoni nikaisikiliza kama watu wanavyosikiliza kwaya. Aliyekuwa anameza ni baba yako.

Jeshi la serikali lilipouchukua tena mji, tukashuka. Nyumba ilikuwa haina mlango, na nyavu alizobakia baba kuzilinda zilikuwa zimekwenda. Kaburi lake tulilikuta limezungushiwa mawe na majirani, Mungu awabariki. Kashindi alirudi kutoka ng'ambo amekonda, ule mdomo wake umepungua maneno. Mama alipomsimulia mambo ya Lemera alisikiliza mpaka mwisho, hakufanya mzaha hata mmoja. Barabara zilipotulia alikwenda mwenyewe kwa miguu mpaka huko juu, na mzigo wa ndagala na mfuko wa chumvi. Aliniambia baadaye kwamba alipomwona mzee alishindwa kusema aliyoyapanga njiani. Alimshika mikono yote miwili tu. Na mzee akamwuliza kama maharage yanatiwa chumvi kiasi gani, maana mkamwana wake amekataa kumfundisha.

Mzee Lushombo aliishi miaka mingi baada ya pale. Lile jiko hakulifunga tena, na shamba la mke wake alililima. Alipofariki tulipanda kumzika, familia nzima, na wanaume wetu ndio waliopika chakula cha msiba. Watu wa Lemera hawakushangaa. Walikwisha kutuzoea.

Sasa, mwanangu, haya ndiyo ninayotaka ushike. Serikali itakupa sikukuu zake, na dunia itakupa zake kwenye simu, na si vibaya, chukua utakazo. Lakini siku ambayo watu wako waliinunua kwa machozi usiiache kwa kuona haya mbele ya mkeo. Ukishika mwiko tarehe ile, huchezi mchezo wa wazee. Unamshukuru babu yako aliyelala hapo karibu na ukuta, na unamshukuru mzee ambaye hakuwa ndugu yetu kabisa.

Tena siku moja utakuta sikukuu ya mwingine imekosa mwenyewe. Nyumba ya jirani, mjane, mkimbizi, mtu yeyote. Usiseme si yangu. Ingia, shika zamu, hata kama hujui kupika. Ukikosea chumvi watakusamehe. Na watu waliokutendea mema wafuate wangali hai, uwashike mikono, hata maneno yakikupotea. Wengi tunasubiri tupate maneno mazuri, na tunayapata kaburini.

Kuhusu huzuni, sikukatazi. Mama yangu hakuacha kumlilia baba, mpaka amezeeka. Lakini kila trente juin alilia akiwa kwenye mkeka, na sahani mbele yake, na watoto wake wanamzunguka. Huzuni hiyo ni bora kuliko ile ya kutazama ukuta.

Mungu aliyempa mgeni moyo wa kutufungulia jiko akufungulie nawe kila mlango utakaoubisha. Akupe watoto wenye kelele na mke mwenye kucheka. Moto wa nyumba yako usizimike, wala usikose wa kumpakulia. Uishi mpaka mikono yako iwe na mikunjo kama hii yangu, na wajukuu waishike bila haraka. Amina, mwanangu. Amina.